Udhuru wa Bi Sikudhani

Sogeeni kidogo, huyo mama naye apate pa kukaa. Haya. Nina habari za nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu shangazi yangu bado anaishi huko na kiwanja chake hakijapimwa. Mkiona kitu kinafanana na cha kwenu, ni macho yenu tu hayo.

Nchi hiyo ina mji, na mji huo umekatwa katikati na mkono wa bahari. Upande mmoja watu wanalala, upande wa pili watu wanafanya kazi, na katikati kuna kivuko kiitwacho MV Ustahimilivu, chenye injini mbili, moja ya kwendea na moja ya kuombewa dua. Asiyetaka kivuko azunguke kwa daraja la zamani, safari ya nusu siku kwa miguu.

Mwaka ule yaliingia mafua makali. Yalikuwa mafua ya kweli, wala si porojo. Watu waliugua, na wengine tuliwazika. Mganga Mkuu akasema maneno machache sana: vaeni barakoa, fungueni madirisha, mgonjwa abaki nyumbani. Tukavaa. Hakuna aliyebisha. Mafundi cherehani walitushonea za vitenge, za kanga, za mabaki ya mapazia, na wengine tulipendeza kuliko tulivyokuwa tumezaliwa.

Shida ilianza Serikali ilipotaka kutusaidia kuvaa.

*

Wizara ya Uchukuzi, Pumzi na Mienendo Mema ilitoa Kanuni za Uso wa Abiria, kurasa mia mbili na kumi bila viambatisho. Kanuni ya Kwanza ilisema abiria atavaa barakoa. Kanuni ya Pili ilisema abiria ataivua langoni, ili uso ulinganishwe na kitambulisho, ithibitike kwamba aliyeivaa ndiye aliyeivaa. Kanuni ya Tatu ilisema abiria yeyote atakayekutwa langoni bila barakoa atarudishwa mwisho wa foleni.

Kwa wiki mbili foleni ilikwenda mviringo. Hakuna aliyevuka isipokuwa mbuzi wanne wa mwenye bucha, kwa kuwa Kanuni hazikutaja mbuzi. Wizara ilipoambiwa, iliunda kamati, na kamati ilipokwisha kunywa chai ikagundua kuwa kosa si la Kanuni, ni la kukosa mtu wa kuzisimamia. Ndipo tulipoletewa Afisa Mkaguzi wa Nyuso Daraja la Pili, mwenye mamlaka ya kumhesabu aliyevua kuwa amevaa.

Jina lake Fikirini. Alikuwa kijana wa palepale mtaani, tuliyemwona akikua. Alipewa kofia ya bluu, meza, muhuri na kipaza sauti. Kipaza sauti kiliunganishwa na spika nne juu ya nguzo, mbili zikitazama foleni na mbili zikitazama maji, ili na wa ng'ambo wafaidike.

Kwa nini spika? Mheshimiwa Ndomondo, Waziri mwenyewe, alikuja kueleza siku ya uzinduzi, akiwa amevaa barakoa iliyochapwa picha ya mdomo wake mwenyewe ukitabasamu. Kwa hiyo alitabasamu hotuba nzima, hata pale alipotutishia jela.

"Ndugu wananchi! Ukaguzi wa Serikali hii utasikika! Utasikika huku, utasikika ng'ambo, utasikika hadi kwa samaki! Serikali hii haina la kuficha, na kwa hiyo na nyinyi hamna la kuficha!"

Tulipiga makofi. Samaki hawakusema kitu.

*

Sasa kulikuwa na Kanuni ya Tisa, ya Udhuru. Mtu asiyeweza kuvaa barakoa kwa sababu ya afya alipaswa kuleta barua ya daktari, imefungwa kwa gundi. Afisa aifungue, aisome yote kwenye kipaza sauti, ili abiria wengine wasije wakanung'unika kwamba fulani amependelewa. Katika daftari la Afisa mlikuwa na safu ya kuandika abiria anaumwa nini, na pembeni yake nafasi ya muhuri.

Watu walilalamika. Walisema jamani, maradhi ya mtu ni yake. Wizara, ambayo kila mwaka inajipa tuzo ya usikivu, ilisikia. Ikaanzisha Kitengo cha Faragha, ikakijengea ofisi ya kuta za vioo, ili kila mpita njia aone jinsi faragha inavyotunzwa. Baada ya vikao vya siku tisa Kitengo kikatoa uamuzi: ni marufuku kutaja jina la abiria. Yatatajwa maradhi yake, yalianza lini, rangi ya nguo aliyovaa na mzigo aliobeba, basi.

"Kwa utaratibu huu," alisema msemaji wa Kitengo, "hakuna atakayejua ni nani."

Kesho yake asubuhi spika zilitangaza: "Abiria asiyetajwa jina, mwenye shati la kijani na baiskeli isiyo na kengele, ana pumu tangu utotoni na bawasiri tangu mwaka juzi!"

"Bawasiri na barakoa wapi na wapi?" aliuliza Mzee Chande, akiwa ndani ya shati la kijani, ameshika baiskeli.

"Barua inasomwa yote, mzee. Ndiyo Kanuni."

Mzee Chande alinunua kengele siku ileile na kubadilisha shati. Lakini tulikwisha kumjua, na nakiri kwamba wiki nzima tulimkaribisha kiti kwa heshima kubwa kuliko alivyotaka.

*

Sasa tufike kwa Bi Sikudhani.

Kama hujanywa uji wake wa pilipili manga, sina la kukusaidia. Alfajiri anaukoroga, asubuhi anauvusha ndoo mbili, na makuli wa bandarini ng'ambo wanakaa wakimngoja na vikombe vyao kama watoto wa chekechea. Ule uji umesomesha watoto watatu na kuezeka nyumba.

Na Bi Sikudhani ana kifua. Kifua hicho kina jambo, na jambo lenyewe lina jina. Lilitibiwa zamani, likaisha, daktari alimwambia haliambukizi mtu wala paka, kilichobaki ni pumzi fupi tu. Lakini jina hilo ni moja ya yale majina ambayo watu wakiyasikia wanarudi hatua mbili nyuma na kufunika kikombe kwa mkono. Likitajwa kwenye spika zinazotazama ng'ambo, asubuhi hiyohiyo ndoo zitarudi zimejaa, na kesho yake pia, na keshokutwa.

Mimi jina hilo nalijua. Nimesimulia posa za watu kabla wenyewe hawajaposwa. Nimesimulia talaka. Lakini hilo sijawahi kulisema na hapa silisemi. Wewe uliyeinama kunitegea sikio, kaa sawasawa.

Bi Sikudhani alijaribu barakoa. Siku ya kwanza alifika katikati ya maji akakaa chini ghafla, midomo imebadilika rangi, tukampepea kwa vifuniko vya ndoo. Daktari akamwandikia barua: asivae, asimame mbele kabisa ya kivuko penye upepo, mbali na wenzake. Akaifunga kwa gundi. Bi Sikudhani akaiweka kifuani chini ya kanga, Jumatatu asubuhi akapanga foleni na ndoo zake mbili, akitembea kama mtu anayekwenda kujisalimisha polisi.

*

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu nchi hiyo, maana bila hilo mtasema nawatania.

Zamani alipita mgeni mmoja kutoka mbali, akaandika kitabuni kwamba hajaona watu wanaosalimiana vizuri kama wale. Mstari mmoja tu. Viongozi waliposomewa mstari huo hawakulala. Waliuweka kwenye stempu, kwenye noti, na ubavuni mwa ndege ya Taifa hadi ilipouzwa. Kisha wakatunga Sheria ya Uungwana wa Taifa: mtumishi wa umma lazima amsalimu aliyemzidi umri, haruhusiwi kukatisha salamu ya mkubwa, na lazima aijibu yote. Akikatisha, kazi hana.

Ingeishia hapo isingekuwa na neno. Lakini Tume ya Salamu ilifanya utafiti, ikagundua kwamba watu tisini na nane katika kila mia wakiulizwa habari za nyumbani husema nzuri, ilhali si nzuri. Tume ilishtuka. Ikaongeza kifungu: mtumishi wa umma atajibu salamu kwa ukweli.

Sheria hiyo ilipitishwa kwa shangwe na ikasahaulika jioni yake. Bi Asumini hakuisahau.

Bi Asumini ni mkunga mstaafu. Nusu ya mji ule imetoka mikononi mwake, na hata leo akikutazama unahisi kama hujavaa. Jumatatu hiyo alikuwa kwenye foleni nyuma ya Bi Sikudhani. Akaona mkono wake haubanduki kifuani.

"Una nini humo?"

"Barua, bibi."

"Ya daktari?"

"Ndiyo."

"Ndiyo itakayosomwa leo?" Bi Asumini aliuliza kama anayeuliza iwapo kuna mvua. "Nipishe. Nitangulie mimi."

Akafika mezani. Fikirini hakuinua hata macho. "Kitambulisho."

"Marahaba," alijibu Bi Asumini.

Spika zikalipeleka hadi ng'ambo: *marahaba*. Foleni ikaguna. Fikirini akainua uso, akaona ni nani, na masikio yake yakawaka.

"Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ma—"

"Za kweli, mwanangu. Sheria inataka za kweli. Sitaki ufukuzwe kazi kwa ajili yangu."

Fikirini alikitazama kipaza sauti. Kilikuwa na kitaa chekundu, na Kanuni ilikataza kukizima wakati wa ukaguzi. "Si nzuri sana, mama."

"Kuna nini?"

"Mke wangu yuko kwao."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Amekasirishwa na nini?"

"Anasema..." Alimeza mate, na spika nne zikameza mate pamoja naye. "Anasema nikirudi nyumbani naendelea kumkagua."

Kutoka ng'ambo, walikokuwa makuli, sauti ya mtu mzima ilipita juu ya maji: "Pole sana, kaka! Kamfuate!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Asumini hakucheka. Aliegemea meza kama mtu aliyekuja kukaa.

"Na lile jambo lako la kitandani? La kulowesha? Mama yako alihangaika nalo sana."

"Mama, jamani, kuna watu!"

"Watu kitu gani? Hatujakutaja jina. Ni mkaguzi asiyetajwa jina, mwenye kofia ya bluu na muhuri. Nani atajua? Lilikwisha?"

"Lilikwisha."

"Lini?"

"Darasa la saba."

"Mwanzoni au mwishoni?"

Fikirini alitazama muhuri wake, pengine akitumaini utamsaidia. "Mwishoni."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona umekaa upandeupande kama kuku anayetaka kutaga?"

"Jipu, mama."

"Liko wapi?"

Hapo hata injini ya kuombewa dua ilinyamaza. Fikirini alilaza kofia yake mezani, na kichwa chake juu ya kofia, akasema mahali. Spika hazikukosa herufi.

Bi Asumini alimgusa bega. "Haya, baba. Umesikia neno linavyofika mbali?" Akapita langoni, barakoa yake ya kitenge imenyooka, hana hata kitone cha jasho.

*

Nyuma yake Mzee Chande naye alimtangulia Bi Sikudhani. Hakusubiri kuulizwa. Aligonga kengele ya baiskeli. "Marahaba!"

Baada ya Mzee Chande alikuja mwenye bucha. Baada ya mwenye bucha walikuja akina mama wanane wa chama cha kufa na kuzikana, ambao wakisalimia wanasalimia kwa zamu, kila mmoja ana swali lake. Watu wa miaka thelathini walianza kuapa kwamba wana hamsini, ila nyuso zao ndizo zimechelewa. Fikirini alisalimia na kujibu mpaka sauti ikamkauka. Tulijua ahadi anazodaiwa na mama yake, tulijua anaogopa mijusi, tulijua kwamba kazi hii aliiomba mara tisa na akipewa nyingine ataondoka leo.

Hadi saa nne walikuwa wamekaguliwa watu ishirini tu. Nahodha, ambaye naye ana Kanuni zake na zinasema saa nne kivuko kiondoke, alipiga honi. Lango likafunguliwa, watu wote wakaingia kwa mkupuo. Bi Sikudhani alibeba ndoo zake hadi mbele kabisa, akasimama penye upepo. Barua ilikuwa kifuani, gundi haijaguswa.

Jumanne hivyohivyo. Jumatano ng'ambo nao walileta viti, wakakaa ukingoni kusikiliza. Uji uliuzwa kuliko wakati wa Ramadhani.

*

Alhamisi Mheshimiwa Ndomondo alikuja na magari kumi na moja.

"Imebainika," alisema, na mdomo uliochapwa ukatabasamu, "kwamba kuna kikundi kidogo cha watu wenye nia mbaya kinachotumia salamu vibaya. Serikali haitakubali kuulizwa hujambo kwa hila! Kuanzia kesho ni marufuku mwananchi kumsalimu mtumishi wa Serikali aliye kazini, na ni marufuku mtumishi kumsalimu mwananchi. Na kwa kuwa mtumishi wa Serikali yuko kazini saa zote, marufuku ni saa zote!"

Bi Asumini alinyanyua mkono.

"Tumesikia, Mheshimiwa. Tutatii."

Waziri alifurahi sana. Angekuwa ametoka mikononi mwa Bi Asumini asingefurahi. Angeogopa.

*

Tulitii kama hatujawahi kutii kitu.

Kesho yake jioni Mheshimiwa alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe wake barazani, amekuja kutoka kijijini. "Shikamoo, mama." Mama mkwe hakujibu. Alichukua gazeti, akaligeuza, akamwonyesha kwa kidole tangazo lenye sahihi ya mkwewe. Akaendelea kuchambua mchicha. Naambiwa Mheshimiwa alisimama pale mlangoni muda mrefu, hajui kama aingie nyumbani kwake au asiingie, kwa maana hajawahi kuingia mahali bila kukaribishwa.

Bungeni ilikuwa balaa zaidi. Kumbe hotuba za kule zilikuwa salamu kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Zilipoondolewa, mjadala wa makadirio ya Wizara uliisha kwa dakika nne, na wabunge wakabaki wanatazamana, hawajui wafanye nini na mchana uliobaki. Balozi mgeni alitua uwanjani, akapokewa na watumishi arobaini waliopanga mstari, wamevaa vizuri, wamefunga midomo. Inasemekana naye anaandika kitabu.

Lakini aliyeumia ni Fikirini. Dukani alipewa sabuni bila neno. Kinyozi alimnyoa kama ananyoa boga. Watoto mtaani walikuwa wakimwona wanasimama wima na kukaza midomo hadi apite. Siku ya sita alifiwa na mjomba wake. Watu walikuja, wakachimba kaburi, wakapika, wakazika kwa heshima zote, wakaondoka. Hakuna aliyempa mkono wala pole. Mtu mmoja anayejua sheria alikuwa amesema pole nayo ni salamu.

Sikujivunia siku ile. Lakini nami nilipita mbele yake nikiwa nimefunga mdomo.

Na Bi Sikudhani? Bila salamu foleni ilikwenda mbio kama maji, na mtu alikuwa akifika mezani kabla hajafikiri. Hakuthubutu. Siku zote hizo alizunguka kwa daraja la zamani, ndoo moja kichwani, moja mkononi, akipumzika kila baada ya nguzo tatu. Akifika saa sita, uji umepoa na kuganda juu, makuli wamekwisha kula mihogo ya mtu mwingine. Usiku wa siku ya tisa watoto wake walimsikia akihema kama aliyepanda mlima. Walimwambia apumzike. Aliwaambia akipumzika watakula nini, kanuni?

*

Siku ya kumi tulimwona kwenye foleni. Kanga safi, ndoo mbili, barua ameishika mkononi, hajaificha tena.

Bi Asumini alimshika kiwiko. "Mwanangu, rudi. Leo sina namna ya kukutangulia."

"Nimechoka kuzunguka, bibi."

"Watasikia wote."

"Wasikie. Nimeugua, nimepona, sikuiba. Asiyetaka uji aache kikombe."

Foleni ilifunguka yenyewe, ikampisha. Ng'ambo makuli walisimama. Walikwisha kuziona ndoo. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Bi Sikudhani akaweka bahasha mezani mbele ya Fikirini, akaisukuma kwa kidole.

"Hiyo hapo. Isome. Soma kwa nguvu, usinirudishe tena kesho."

Fikirini aliichukua. Macho yake yalikuwa mekundu na ndevu hazijanyolewa siku nyingi. Aliingiza kidole gumba chini ya gundi. Tulisikia karatasi ikikwaruza kwenye spika zote nne, tena kutoka ng'ambo ikarudi. Mimi nilitazama chini. Nilidhani sote tutalisikia lile jina, kisha tutajifanya hatukulisikia, kisha tutalisema.

Kidole gumba kilitoka.

Fikirini alisimama. Alivua kofia ya bluu. Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, karibu kabisa, kama mtu anayetaka asikike vizuri, akasema:

"Shikamoo, mama."

Likaenda juu ya maji, likagonga maghala ya bandari, likarudi. Askari wawili wa langoni walitazamana. Walikuwa na pingu na walikuwa na amri. Mmoja wao alianza kukagua kiatu chake.

Bi Sikudhani alisahau alichokuja kukifanya. "Marahaba," alisema polepole. "Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama." Akatikisa kichwa. "Hapana. Sheria inataka ya kweli. Nilifiwa. Nilifiwa na mjomba wangu, aliyenilea."

"Uuu! Pole, mwanangu. Pole sana."

Basi na sisi tukapasuka. Mzee Chande alisema pole, mwenye bucha akasema pole, akina mama wa chama wakasema pole kwa zamu na kisha kwa pamoja, Bi Asumini akajipenyeza akamshika mikono yote miwili akaanza kumuuliza marehemu aliugua nini. Ng'ambo walikuwa wakipaza sauti, mia na zaidi, pole, pole, kamfuate na mkeo. Askari wa kiatu naye alisema pole, akiwa ametazama upande mwingine, ili ionekane anamwambia bahari.

Fikirini alifuta uso kwa mkono wa shati. Akakaa. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya ofisini.

"Na wewe, mama, hujambo?"

Bi Sikudhani alinyoosha mgongo. "Sijambo."

"Habari za afya?"

"Njema."

Fikirini alimrudishia bahasha, gundi ileile, akamwonyesha kwa kalamu mahali pa kusimama, mbele kabisa penye upepo. Bi Sikudhani akabeba ndoo zake akapita, uso wazi. Fikirini akafungua daftari kwenye ile safu ya abiria anaumwa nini, akaandika kwa herufi kubwa: HAJAMBO.

Akapiga muhuri.